Mikono Miwili Juu ya Redio

Kijana aliyekuja kunitengenezea televisheni alinicheka kwanza, na sikumlaumu. Nani siku hizi ana TV ya kichogo sebuleni, tena imefunikwa kitambaa cha kufuma? Aliigeuza ikaelekea ukutani, akafungua skrubu za mgongoni, akakivua kile kichogo chake. Hapo harufu ikatoka: vumbi la miaka lililokaangwa polepole, nta iliyoyeyuka, na kitu kingine chenye ukali wa puani kama hewa baada ya radi kupiga karibu. Nikaona bora niketi. Kijana alikuwa anachungulia ndani, mkono wa kulia umeshika bisibisi, wa kushoto ameutia mfukoni.

"Mbona mkono mmoja?" nikamwuliza, ingawa nilijua.

"Humu kuna moto mkubwa, Bibi. Hata ukiichomoa, kile kioo hukaa na moto wake. Sasa ukishika kwa mikono miwili..." Akaziangalia mvi zangu, akaiacha sentensi njiani, akarudi kwenye kazi yake.

Nikacheka mpaka akageuka. Sentensi hiyo hiyo niliwahi kuiacha mahali hapo hapo, zamani, nikiwa mtoto ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yanaota upya.

Kwetu ni Poli, kwenye mteremko wa Mlima Meru, migomba juu na kahawa chini yake. Wakati huo Mwingereza ndiye aliyekuwa mwenye nchi, au ndivyo alivyodhani. Baba alikuwa dereva wa lori wa mlowezi mmoja mwenye shamba la kahawa, na yule mlowezi alipopata redio mpya alimpa Baba ile kuukuu. Ilikuwa sanduku la mbao lenye kitambaa usoni na kadibodi yenye matundu mgongoni. Haikutaka betri ndogo za tochi. Ilikunywa betri nzima ya lori, iliyokaa sakafuni kando yake ikinuka tindikali, na Mama alitukataza kuisogelea tukiwa na nguo za kanisani.

Ndani mlikuwa na taa za kioo zilizowaka wekundu hafifu, na kimkebe cha bati kilichonguruma muda wote redio ilipokuwa hai. Kazi ya kimkebe hicho ilikuwa kuuchukua moto mdogo wa betri na kuusaidia kupanda uwe mkubwa, maana bila moto mkubwa taa zinawaka bure na redio haisemi kitu. Hilo nililijua baadaye. Sisi tulikiita mzinga. Bibi, mama yake Baba, alitoka ukoo wa warina asali, na aliamini kabisa kwamba ndani mna nyuki. Hakuna aliyemkatalia, na mimi nilikuwa upande wake.

Mtoto wa mwisho wa Bibi, baba yangu mdogo Simeoni, alikuwa amejiunga na askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Waligombana juu ya jambo hilo. Bibi alikuwa amemtafutia mchumba, binti wa jirani, mpole na mwenye mikono ya kazi. Simeoni akasema anataka kwanza kuiona dunia. Bibi akasema dunia iko hapa hapa, imejaa magugu, inamsubiri mtu wa jembe. Wakanuniana siku kadhaa, na alfajiri moja Simeoni akaondoka bila kuaga.

Nyumbani kwetu hilo halikuwa jambo dogo. Mtu akisafiri mbali, Bibi humshika mkono wake kwa mikono yake yote miwili, anaukumbatia hivi, kimya, kisha anamwachia aende. Asiyeshikwa mkono hajaondoka vizuri, na asiyeondoka vizuri atarudije? Bibi hakulisema hilo hata mara moja tangu Simeoni aende. Ila nilimwona jioni akikaa na mikono mapajani, viganja vikitazama juu, na nilikuwa mdogo lakini sikuwa mjinga.

Simeoni alipelekwa kupigana Malaya, nchi ya mbali ng'ambo ya bahari. Msomaji wa Kiswahili ananielewa. Mama yangu, mwanakwaya, hakuweza kulitamka jina la nchi hiyo mbele ya watoto. Alisema "kule" na kuangalia pembeni. Mimi nikaamini baba mdogo amepelekwa mahali pa aibu. Bibi ndiye hakuwa na shida, kwa sababu hakujua Kiswahili. Kimeru kilimtosha maisha yake yote. Basi Jumapili, nje ya kanisa, akiulizwa habari za mwanawe, alijibu kwa sauti ya kujivuna, "Yuko Malaya!" na mchungaji akashikwa na kikohozi.

Barua zilikuja, mbili tatu, na Baba alizisoma kwa sauti. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Karatasi anaandika yeyote." Moyoni alishaamua kwamba mwanawe amekufa, kwamba alikufa akiwa hajashikwa mkono, na kwamba sisi tunamficha. Alikonda. Chakula alikigusagusa tu. Mama alimpikia ndizi na maziwa mgando, chakula anachokipenda kuliko vyote, na sahani ikarudi jikoni kama ilivyokwenda.

Ndipo akapita nyumbani askari mmoja wa kijiji cha jirani, aliyerudishwa kwa sababu ya jeraha la mguu. Alituambia kwamba watu wa redio walikwenda kule kambini na mashine ya kunasa sauti, na kwamba Jumapili inayokuja, saa kumi alasiri, stesheni ya Dar es Salaam itapeleka salamu za askari kwa wazazi wao. Simeoni naye alisema. Huyo askari mwenyewe alikuwa amepanga foleni nyuma yake.

Bibi akaniambia nimweleze tena, polepole. Kisha akauliza swali moja, "Karatasi au sauti?"

"Sauti, Bibi."

Jioni ile alikula.

Na kama mjuavyo mambo ya dunia, Alhamisi redio ikafa. Mama aliiwasha apate kusikia nyimbo, taa zikawaka kama kawaida, lakini mzinga ukanyamaza na redio ikanyamaza nayo. Baba alikuwa safarini Tanga na mzigo wa kahawa, asingerudi kabla ya Jumamosi jioni. Mama alikuwa amejifungua juzi juzi. Bibi hakumwuliza mtu. Asubuhi ya Ijumaa aliifunga redio mgongoni kwa kanga, kama mtoto mwenye homa, akaniambia, "Naomi, twende mjini. Wewe ndiwe mdomo wangu." Tukashuka mpaka barabara ya Moshi, lori la ndizi likatubeba.

Karibu na mto Themi palikuwa na duka la fundi mmoja Kalasinga. Jina lake lilikuwa Mohinda, lakini mji mzima ulimwita fundi Kalasinga kana kwamba yuko mmoja tu, wakati mtaa ule ulikuwa nao tele. Alikuwa mtu mnene, kilemba cha rangi ya chungwa, ndevu zimefungwa kwa wavu mwembamba. Dukani mwake ndimo nilimoikuta harufu hii ya vumbi lililokaangwa kwa mara ya kwanza.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mtoto. Karibu, mama. Mgonjwa wetu ana nini?"

"Nyuki wamekufa," nikamjibu.

Akaniangalia. Nikamwonyesha kile kimkebe. Hakunicheka, na kwa hilo nampenda mpaka leo. Alikichomoa, akakitikisa sikioni, akasema, "Hawajafa hawa. Wamelala." Akakirudisha, akaunganisha betri, akakigonga taratibu kwa mpini wa bisibisi. Mzinga ukanguruma. Bibi akapiga vigelegele. Lakini redio haikusema kitu, na mara ukatoka moshi mwembamba wa nta, naye akazima haraka.

"Ahaa. Moto mdogo upo. Moto mkubwa haupandi. Kuna mwizi njiani anaula."

Akazichomoa taa zote, moja moja, akazilaza juu ya kitambaa. Alinieleza kwa nini, labda kwa sababu nilimkodolea macho: kama mwizi amekaa kwenye taa, basi taa zikitoka, moto utapanda wenyewe, usipopanda, mwizi yuko huku nyuma, jirani na mzinga. Akachukua saa yake ya kupimia, yenye mshale, akawasha. Mshale ukatikisika kidogo ukalala. "Yuko huku," akasema.

Katika kupapasa-papasa huko ndipo Bibi alipoona. Fundi alikuwa anaigusa redio kwa mkono wa kulia peke yake. Wa kushoto alikuwa ameuchomeka nyuma, kiunoni, ndani ya mkanda wa suruali, na hata kifaa kilipomponyoka hakuutoa. Bibi akakunja uso. Kwetu kitu cha thamani hukipokei kwa mkono mmoja, na humkabidhi mtu kwa mkono mmoja, labda kama umemdharau.

"Mwulize," akaniambia kwa Kimeru, "kwa nini anaishika redio ya mwanangu kwa mkono mmoja, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa?"

Kuwa mdomo wa mtu ni kazi. Nikamgeukia fundi nikasema, "Bibi anauliza kama mkono wako wa kushoto unauma."

Akacheka mpaka kilemba kikatikisika. "Hauumi, nimeuficha. Mwambie bibi yako hivi. Humu mna umeme mkali. Ukishika kwa mkono mmoja, unapigwa mkono, unapiga kelele, yamekwisha. Ukishika kwa mikono miwili, umeme unaingia huku, unatokea huku, na katikati kuna nini? Moyo. Unapita moyoni, unaua."

Nilikwama mahali pawili. Kwanza, umeme niliujua ule wa mawinguni tu, na sikuona umeingiaje kwenye sanduku la mbao. Kilichomo ndani ya redio ni sauti, kingine sikukijua. Nikaamua kwamba fundi anasema juu ya sauti, ila kwa maneno ya kifundi. Pili, na hapa ndipo pagumu, ni mtoto gani wa Kimeru anayesimama mbele ya bibi yake na kumwambia, "Ukifanya hivi utakufa"? Hata kwa niaba ya mtu mwingine, maneno hayo hayatoki. Ningeonekana namwapiza.

Basi nikamwambia Bibi, "Anasema sauti iliyomo ni kali. Ukiishika kwa mkono mmoja inaishia mkononi. Ukiishika kwa mikono miwili inapita mpaka moyoni." Nikaishia hapo.

Uso wa Bibi ukalegea. Akamtazama fundi kwa namna nyingine kabisa, akatikisa kichwa polepole. "Mtu huyu ana akili," akasema. "Anaogopa kujichukulia sauti ya wenyewe."

Mwizi alipatikana: kidude kidogo, kirefu kama harage, kilichopakwa nta, nta imechuruzika upande mmoja. Fundi alikiita kondensa. Alikikata, akafungua droo baada ya droo akitafuta kinachofanana nacho, na muda wote huo Bibi aliomba kwa sauti ya chini. Kikapatikana. Akakichomea, akawasha, taa zikiwa bado nje, na safari hii mshale uliruka ukaenda kukaa juu. Akazima. Kisha akalaza bisibisi kati ya waya na bati, ikapiga pah! na cheche ya buluu ikaruka. Nilijificha nyuma ya Bibi. "Nautoa ule moto uliobaki," fundi akanieleza, "usije ukatuotea." Nilivyoelewa mimi, hata kipande cha sauti kikibaki ndani, kinaweza kuua mtu.

Taa ziliporudi na redio ikaimba, wimbo wa taarabu usiokuwa wa kwetu, Bibi alilia. Fundi akaifunga mgongo wake, akaniambia watu wasiufungue. Tulitoka, nami nikiwa nimebeba siri nzito kuliko redio.

Ilinisumbua Jumamosi yote. Bibi amengoja sauti ya mwanawe, na sauti inaua. Nilijipa moyo kwamba haitatokea, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuishika redio kwa mikono miwili ikisema. Hapakuwa na sababu. Mwenyewe nilianza kutembea na mkono wa kushoto mgongoni. Nikateka maji hivyo, nikala hivyo, na Mama akaniuliza kama nimeteguka.

Jumapili uwanja wetu ulijaa. Baba alikuwa amerudi na betri iliyochajiwa. Redio iliwekwa juu ya meza mlangoni, Bibi akapewa kiti cha mbele, mimi nikakaa chini miguuni pake. Saa kumi ikafika. Mtangazaji akasema kwa Kiswahili safi cha pwani, "Sasa ni salamu za askari wetu walioko Malaya," na uwanja mzima ukashikwa na kikohozi cha mchungaji. Wakaanza, mmoja mmoja: wa Songea, wa Tabora, wa Iringa. Kila mmoja alisalimia haraka haraka kama mtu anayekimbizwa. Nilitafsiri mpaka koo likakauka.

Kisha, "Mimi ni Simeoni, wa Poli, Meru."

Bibi alisimama. Sikuhitajika tena. Simeoni alisalimia kwa Kiswahili, akamtaja Baba, akamtaja Mama, akasema ni mzima. Akanyamaza kidogo, mpaka nikadhani mzinga umelala tena. Halafu akasema kwa Kimeru, kwa sauti nyingine, ile ya nyumbani, "Mama, mkono wangu huu hapa."

Bibi akanyoosha mikono yake yote miwili akaishika redio, huku na huku, akaikumbatia.

Nilipiga ukelele. Nikamrukia, nikamvuta kiganja kimoja kwa nguvu zangu zote, "Bibi, toa mmoja! Toa mmoja!" Hakubanduka. Mwili wake ulikuwa unatetemeka wote, mabega mpaka magoti, na machozi yalimtiririka mpaka shingoni, nami nikajua ndiyo hivyo, imeingia huku inatokea huku. Baba akaninyanyua akidhani nimepatwa na furaha. Nilimpiga mateke.

Simeoni alimaliza. Askari mwingine akaanza kumsalimia mkewe, na Bibi alikuwa bado ameshika, macho yamefumbwa, kimya, vile vile nilivyomwona akiwashika wanaosafiri. Kisha akaiachia. Akaketi. Nikajichomoa mikononi mwa Baba nikaweka sikio kifuani pa Bibi. Moyo ulikuwa unakwenda, tena mbio.

"Fundi yule alisema kweli," Bibi akaniambia, akinifuta uso kwa ncha ya kanga yake. "Imepita mpaka moyoni."

Tangu siku ile alinenepa. Aliimba kwenye kahawa. Binti wa jirani naye aliambiwa asikate tamaa. Na mvua za masika zilipoanza ikaja karatasi ya serikali, na Baba aliisoma mara mbili peke yake kabla ya kuingia ndani. Simeoni hakurudi. Hatukupewa hata kaburi la kupalilia.

Sote tuliogopa atakachofanya Bibi. Tulijua atasema karatasi anaandika yeyote. Hakusema hivyo. Alimwambia Baba aikunje, aitie ndani ya Biblia, akakaa muda mrefu akitazama mvua. Alilia, tena sana, na mimi sitaki kusimulia kilio kile. Lakini alipomaliza alisema, "Nilimshika mkono. Ameondoka vizuri." Alilirudia neno hilo kwa kila aliyekuja kutupa pole, na sikuona tena mikono yake ikikaa mapajani viganja juu.

Nilikua, nikaenda shule ya wasichana, nikafundishwa umeme ni nini. Likizo ile nilirudi nyumbani nimekusudia kumwambia Bibi kwamba nilitafsiri vibaya. Nilimkuta anaipangusa redio, na betri hata haikuwepo. Baba alikuwa ameihitaji kwenye lori. Bibi alikuwa anaipangusa kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ameulaza juu yake. Nikamsalimu, nikachukua jembe, nikaenda shambani. Alikufa miaka mingi baadaye, mzee sana, na mimi nilimshika mkono kwa yangu yote miwili, kimya, kama alivyotufundisha.

Kijana wangu wa televisheni alimaliza kabla ya adhuhuri. Kichogo kikarudi mahali pake, picha ikawaka, kwaya ya mahali fulani ikiimba kwa majoho ya zambarau. Nikaweka viganja vyangu pande zote mbili za kile kisanduku, kikiwa na joto kidogo. Akashtuka.

"Ulikuwa unaniambia," nikasema, "ukishika kwa mikono miwili inakuwaje?"

"Aa, Bibi, nje hapo hapana neno. Nilikuwa nasema ndani."

"Wewe sema tu."

Akainamisha macho, akaanza kukusanya bisibisi zake. "Inapita mpaka moyoni," akasema taratibu, na nikamwona anatafuta namna ya kuendelea.

"Basi," nikamwambia. "Ishia hapo hapo."